Siku ya mtoto, nyumbani



Sisi tuliorudi kutoka Nyarugusu, wengi wetu hatujui siku tuliyozaliwa. Makaratasi yalibaki njiani. Mtu anaandikiwa tu tarehe 1 Januari juu ya kumaliza mambo. Watoto wetu wasirithi hiyo. Mwaka ukitimia, mama apike vitumbura, chai iwe na sukari, wadogo kwa wakubwa wakae pamoja, baba aseme kwa sauti: ulizaliwa siku hii, mahali fulani, mvua ikinyesha. Keki hatuombi, wala deni kwa jirani.

Na bebe wa juzi aandikwe kwa etasivili siku 90 hazijapita: ni bure. Anayefikia feti ya kwanza bila karatasi, sasa ni kupitia tribinali. Wazazi wa hao wabaki kidogo kisha mkutano, tuandike majina.