JIRANI HAHAMI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kasense, Sumbawanga)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mataifa makubwa ya Asia na usalama wetu. Huenda wako watakaouliza: ugomvi wa China na India unamhusu nini mkulima wa mahindi wa Ufipa? Twajibu kwamba unamhusu sana. Mwaka 1914 wazee wetu hawakuwa na ugomvi na Mzungu ye yote wa Ulaya aliyegombana na mwenziwe, lakini vita vyao viliwafikia hapa hapa. Boma la Kasanga, ambalo Wajerumani waliliita Bismarckburg, lilitwaliwa na Waingereza mwaka 1916. Bendera ikabadilika, na Mfipa hakuulizwa neno. Ndivyo inavyokuwa nguvu za dunia zinapohama na wenyeji hawana sauti.

Sasa tuitazame Asia. Mwezi wa Aprili 1955 nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, katika Indonesia. China na India zilikaa katika mkutano mmoja na kunena habari za kuishi kwa amani. Mwaka 1962 zikapigana kwa ajili ya mpaka wao katika milima ya Himalaya. Juni 2020 askari wao wakapambana tena katika bonde la Galwan, na askari 20 wa India wakafa.

Leo kila moja inatafuta marafiki katika Bahari ya Hindi, na bahari hiyo ndiyo mlango wetu. Julai na Agosti 2024 askari wa China walifanya mazoezi nchini mwetu pamoja na askari wa Tanzania na Msumbiji. Haikupita hata mwaka, Aprili 2025, manowari za India nazo zikatia nanga Dar es Salaam kwa mazoezi na jeshi letu na majeshi mengine ya Afrika. Hatusemi kwamba ni vibaya. Kutofungamana na upande wo wote ni siasa yetu ya tangu uhuru, na mwenye kutaka urafiki na wote hamfungii mtu mlango. Lakini yatupasa tujue ni lini urafiki wa mkubwa humfaa mdogo, na ni lini humgawa.

Sisi twasema hivi: msaada wa mkubwa hufaa pale ambapo majirani wamekwisha kupatana wenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni reli ya TAZARA. Zambia ilikuwa haina reli ya kufika baharini isipokuwa kupitia nchi zilizoshikwa na walowezi na Wareno. Mwalimu Nyerere na Bwana Kaunda walipatana kwamba njia ya Dar es Salaam lazima ijengwe. Wakabisha hodi Benki ya Dunia na kwa nchi za Magharibi, wakaambiwa kwamba reli hiyo haitaleta faida. China ikakubali. Mapatano yalitiwa sahihi Peking mwaka 1967, kazi ikaanza 1970, na reli ya kilomita 1,860, mpaka Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976. Mchina alileta mkopo usio na riba, na mafundi. Lakini shabaha ya reli ilitoka kwa majirani wawili, naye aliyekuja kusaidia aliikuta tayari.

Ushahidi wa pili ni mchungu, nao u ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 2013 askari wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, chini ya Umoja wa Mataifa, walisaidia kuwashinda waasi wa M23 katika Kongo. Waasi waliporudi, majirani hawakuwa tena na neno moja. Novemba 2022 liliingia jeshi la Afrika Mashariki, likaondoka Desemba 2023 baada ya Kongo kutoridhika nalo. Mwezi huo huo likaingia jeshi la SADC, na askari wetu wakiwamo. Kongo ikaishitaki Rwanda kwamba inawasaidia waasi, Rwanda ikakana, na zote mbili ni wanachama wa Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari ikaanguka Bukavu. Wakuu wa jumuiya zote mbili wakakutana Dar es Salaam Februari 8, na Machi 13 SADC ikaamua kuliondoa jeshi lake.

Baada ya hapo ni nani aliyeandaa meza? Mapatano ya Kongo na Rwanda yalitiwa sahihi Washington, Juni 2025, na habari za madini zikiwamo. Mazungumzo na M23 yakaenda Doha, katika Qatar, nchi ya Asia. Hatuwalaumu wenye kupatanisha. Amani ni amani, ye yote aileteye. Lakini meza ikiandaliwa ugenini, mwenye meza ndiye apangaye viti. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini; sembuse cha mgeni?

Ndugu wananchi, kati yetu na Kongo pana maji tu. Mahindi yetu huvuka kutoka Kasanga. Watu wakikimbia vita, huvuka pia. Mpanda ilipokuwa bado katika mkoa wetu, Katumba na Mishamo zilipokea maelfu ya ndugu zetu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Ulinzi wa jirani, basi, ni ulinzi wa ghala letu.

Tena mfano mwema tunao karibu. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika tangu Mei 15 hata Agosti 15, kwa mapatano ya nchi nne zenye ziwa hilo, ili samaki wazaane. Haikuwa nyepesi kwa mvuvi wa Kirando. Lakini mapatano hayo yana maana kwa sababu dagaa hajui mpaka, na nchi moja ikifunga peke yake inawahifadhia samaki wengine. Bunduki nayo haijui mpaka.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, tuwaulize wabunge wetu juu ya kila mapatano ya ulinzi, ya Mashariki au ya Magharibi: majirani wanasemaje? Pili, tusimgeuze mkimbizi wala mfanyabiashara wa ng'ambo kuwa adui, kwa maana ndiye atakayekuwa shahidi wetu huko kwao.

Mjerumani alikuja akaondoka, Mwingereza akaja akaondoka. Manowari zitakuja na kuondoka. Kongo, Zambia na Burundi zipo pale pale. Jirani hahami, na tupatane naye kabla hatujamwita mtu wa mbali.