Anarchie gani hii iko na muhuri?

Hotuba tuliyosoma mbele ya wakaaji wa Ibanda na Kadutu, Bukavu, Januari 2024



Hatutakawia, juu mawingu munayaona wenyewe.

Tarehe 20 Desemba tulisimama mustari tangu asubuhi. Pamoja na kura zingine, tulipiga ile ya kuchagua conseillers wa commune. Sheria ya 2008 iliandika kwamba kila commune itakuwa na conseil yake yenye kuchaguliwa, lakini tulingoja miaka 15 kuona ile karatasi ya kura. Juma moja tu nyuma yake, mvua ikanyesha, na katika commune ya Ibanda peke yake tukapoteza watu zaidi ya kumi. Wino ulikuwa bado kwenye kidole.

Vile viongozi wanajibu, munajua, sababu njo vile wanajibu kila mwaka. Jeep inafika, mukubwa anashuka na bottes, anaangalia udongo, anatoa pole kwa familia. Kisha micro ya radio inakaribia na neno linatoka: « constructions anarchiques ». Wakaaji wanajenga ovyo, wakaaji hawasikii, wakaaji wahame haraka mahali pa hatari. Wahamie wapi? Jeep imeshapanda kilima.

Leo tunataka kuongea juu ya hilo neno.

Wiki hizi tulikaa kwenye matanga, tukaongea na wenye nyumba zilibebwa. Tulifikiri tutakuta watu walijificha usiku kujenga bila ruhusa. Wako, hatutawadanganya. Lakini wengi walitutolea karatasi, zingine bado ziko na matope: fiche ya parcelle, reçu ya feza walilipa, sahihi, na muhuri wa Leta, wa bluu, unasomeka vizuri. Mama mmoja alituonyesha tatu. Alilipa mara tatu, kwa huduma tatu, ili ajenge kando ya mfereji ambapo hakuna mutu angepaswa kulala.

Basi tunauliza: anarchie gani hii iko na muhuri?

Mukubwa akisema « anarchique », kosa linamuangukia maskini aliyenunua. Yule aliyepima, aliyeandika, aliyepokea feza, hatajwi. Mwezi wa sita jua likiwaka, anarudi kupima parcelle ingine chini ya ile iliyoanguka.

Na maji pia yako na historia. Mji wetu uko kwenye mteremko, hilo hatuwezi kubadilisha. Lakini Funu inatufundisha kitu. Udongo wa pale umekuwa ukitembea polepole tangu zamani. Watafiti walilinganisha picha zilizopigwa na ndege wakati wa wabeleji na picha za satellite za siku hizi, wakatoa kazi yao mwaka 2022: mwendo uliongezeka kadiri nyumba zilivyojaa. Sababu moja wanayoitaja ni maji yasiyo na njia. Maji ya mabati, maji ya bomba lililopasuka, yote yanaingia ndani ya udongo juu caniveau haiko, ao iko na imeziba. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni mvua peke yake.

Tujisemee na sisi kidogo. Sachet na chupa tunazitupa wenyewe, hakuna mutu wa Kinshasa anakuja kuzitupa Nkafu. Chupa inaziba caniveau, mvua inaisukuma mpaka ziwani, ziwa linaipeleka Ruzizi, na kule taka zinaziba mashine za barrage, umeme unakatika. Tunalalamika gizani juu ya chupa yetu. Salongo tutafanya. Lakini salongo haiwezi kujenga collecteur, na hakuna jembe la kijana linaloweza kufuta sahihi kwenye parcelle.

Kazi ya caniveau na ya erosion, sheria ya 2008 iliiweka mikononi mwa ville na commune. Taxe ya soko nayo, ba mama wa Nyawera na wa Kadutu wanailipa kila siku, mvua ao jua. Kwa hiyo tunawaambia waliotuomba kura: hatuombi mutuletee mabati na unga kisha kifo. Tunaomba, kabla ya mvua za mwezi wa tatu, mubandike kwenye mulango wa kila commune orodha ya parcelles zilizotolewa kando ya mito na kwenye miteremko, na jina la kila mutu aliyetia sahihi. Mubandike na hesabu: feza ngapi ziliingia, ngapi zilikwenda kwa caniveau. Na wenye karatasi ya Leta wakihamishwa, Leta iwape mahali pengine, sababu ni yeye aliuza hatari.

Mutatuambia hakuna ingénieur, hakuna muda. Angalieni hapa mbele. Tuko na diplome za géologie, za bâtiment, za géographie, na asubuhi tunaamka hatuna pa kwenda. Tutapima caniveau avenue kwa avenue bila kuomba franka. Tunachohitaji ni mufungue registre.

Mwezi wa tano mwaka jana, kule Kalehe, maji yalishuka Bushushu na Nyamukubi siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa. Kule pia mvua ya 2014 ilikuwa imeshaua, na watu walibakia palepale.

Sasa tuanze. Kwenye meza kuna daftari mbili. Ya kwanza, muandike avenue yenu na mahali maji yanazibia. Ya pili ni ya wenye karatasi za parcelle: tutapiga picha ya karatasi hapahapa na kuwarudishia, musimuachie mutu originale. Wazee waanze, ba mama wenye watoto pia. Tukimaliza kuandika tutashuka pamoja ku commune kuacha barua, na kila mutu ashikilie accusé de réception kwa macho yake.