Rivolva ya Mtutu Mfupi Iliyokwisha Kutumika: Kuipata kwa Halali na Kuitunza



Mazungumzo yetu yanahusu bidhaa inayonunuliwa na wachache, lakini ambayo kosa lake haliponywi kwa kuirudisha dukani. Ni rivolva ya mtutu mfupi, ile bastola ndogo yenye mtungi unaozunguka, ambayo mfanyabiashara wa kahawa, mwenye mitumbwi ya uvuvi au mwenye kituo cha mafuta huiombea leseni kwa ajili ya kujilinda. Kwa kuwa mpya ni ghali, wengi huitafuta iliyokwisha kutumika. Wengine hawakuitafuta kabisa: wameikuta katika sanduku la marehemu.

Neno la msingi ni hili: silaha haifuati njia ya kibanja. Kibanja hutoka kwa baba kikaenda kwa mrithi, ukoo ukiwa shahidi, na migomba haimuulizi mwenye kuipalilia jina lake. Silaha haiendi hivyo. Leseni hupewa mtu mmoja kwa silaha moja yenye namba yake. Mtu huyo akiuza, leseni haiendi pamoja na chuma; akifariki, leseni imekoma pamoja naye. Anayeipokea baada yake, hata awe mwanawe wa kumzaa, anaanza upya kama mtu asiyejulikana.

Na kuanza upya si jambo la siku moja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtu anayetawaliwa na pombe au dawa za kulevya, tena awe na cheti cha umahiri kinachoonyesha kwamba anaweza kuitumia silaha pasipo kuhatarisha wengine. Maombi huanzia katika serikali ya kijiji au ya mtaa, kwa watu wanaomfahamu mwombaji na mwenendo wake, kisha hupanda hadi Polisi na kamati ya usalama ya wilaya. Kwa hiyo anayesema, “Lipa leo, karatasi tutazifuata baadaye,” anakuuzia kesi wala hakuuzii bastola. Kumiliki silaha bila leseni kumewekwa miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mingi.

Sasa tuseme mzee mmoja wa Kamachumu, aliyekuwa mnunuzi wa kahawa, amefariki. Baada ya matanga watoto wanafungua sanduku na kukuta rivolva iliyofungwa kitambaa, pamoja na risasi kadhaa. Mmoja anasema ibaki nyumbani kwa ulinzi wa mama. Mwingine anamjua mtu wa visiwani anayeihitaji. Wa tatu ameshaishika mkononi na kuichezea. Wote watatu wamekwisha kuingia hatarini, na mama yao pamoja nao, kwa kuwa nyumba ni yake.

Njia iliyo salama ni fupi. Watoto watolewe chumbani. Silaha iachwe ilipo na mlango ufungwe. Leseni ya marehemu itafutwe. Msimamizi wa mirathi au mkubwa wa familia atoe taarifa kituo cha Polisi bila kukawia, aulize namna ya kuikabidhi, na asiibebe kwenye basi wala bodaboda kabla ya kuelekezwa. Anapoikabidhi, apewe maandishi yenye namba ya silaha, idadi ya risasi na jina la aliyepokea, na maandishi hayo yahifadhiwe pamoja na hati za mirathi. Baada ya hapo, mwana anayeitaka aombe leseni kwa jina lake. Asipokuwapo anayeitaka au anayestahili, familia iulize Polisi njia halali ya kuiuza kwa mwenye kibali au kuisalimisha moja kwa moja. Kuiacha mikononi mwa Polisi wakati mambo hayo yakishughulikiwa hakumpunguzii mrithi haki yake. Kunampunguzia mashaka.

Tukimgeukia mnunuzi, tunamwambia: soma karatasi kwanza, chuma baadaye. Leseni ya muuzaji iwe hai. Jina liwe lake. Namba iliyochapwa kwenye mwili wa bastola ilingane na iliyoandikwa, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyosuguliwa kwa msasa, iliyopigwa upya au iliyofunikwa kwa rangi ni sababu tosha ya kuondoka hapo na kutoa taarifa. Malipo yafanyike pale tu Polisi wanapokuwa wameidhinisha uhamisho, nawe uwe na risiti yenye maelezo kamili ya ulichonunua.

Kisha chuma chenyewe. Bastola za aina hii zimedumu miaka mingi mikononi mwa watu. Kampuni ya Colt ya Marekani ilianza kuitengeneza Detective Special mwaka 1927, nayo Smith & Wesson ikaleta Chiefs Special yenye matundu 5 mwaka 1950. Mtutu wake ni wa inchi 2 hivi, yaani sentimita 5. Umri si aibu kwa chuma kilichotunzwa, ila umri huficha mengi. Hivyo ukaguzi ufanywe na fundi wa silaha aliyeidhinishwa, nawe uwepo, uone na uulize.

Muulize kwanza habari za mtungi. Nyundo inapovutwa polepole hadi mwisho, mtungi hauna budi kusimama imara, kila tundu likiwa limekabiliana sawasawa na mtutu. Usiposimama mahali pake, risasi huingia mtutuni kwa upande, ikachubuka na kurusha vipande vya risasi kando. Muulize pia kama nyundo iliyovutwa hubaki mahali pake au huanguka inaposukumwa kidogo kwa kidole gumba. Inayoanguka ni ya kukataa. Atazame ndani ya mtutu kwa mwanga: pete ya kivuli inayoonekana katikati ni dalili ya chuma kilichovimba kwa kufyatuliwa kukiwa na kizuizi ndani. Vichwa vya skurubu vilivyoliwa vinasimulia habari za fundi asiyejua kazi. Mtutu uliokatwa kwa msumeno ili ufupike ni wa kukataa bila mjadala.

Lipo pia jambo la risasi, ambalo huwaponza hata wazoefu. Tarakimu .38 peke yake haitoshi. Rivolva nyingi za Kiingereza za enzi ya ukoloni, kama zile za Webley na Enfield, zilitengenezwa kwa risasi fupi na nene kidogo iitwayo .38 S&W. Rivolva za Kimarekani tulizozitaja kwa kawaida hutumia .38 Special, iliyo ndefu zaidi na yenye nguvu zaidi. Hizi hazibadilishani. Wapo waliowahi kuyachonga matundu ya bastola kuukuu ili yapokee risasi ndefu, na bastola ya namna hiyo inaweza kupasuka mkononi. Soma maandishi yote yaliyo kwenye chuma, uyalinganishe na leseni, kisha uulize kama risasi zake zinapatikana nchini kwa njia halali. Bastola isiyopatikana risasi zake ni uzito wa bure.

Tusisahau na udogo wenyewe. Wengi hudhani kwamba kilicho kidogo ni chepesi kutumia. Ni kinyume chake. Mtutu mfupi ni mgumu kulengea, na wepesi wa bastola huifanya irudi mkononi kwa nguvu na mshindo mkubwa. Asiye na nafasi ya kufanya mazoezi chini ya mwalimu, mahali palipoidhinishwa, anajinunulia moyo mkuu usio na ustadi. Huyo ingemfaa zaidi kuweka taa nje, mlango imara, mbwa na mlinzi, na kuacha kutembea na fedha za mauzo usiku.

Tuje kwenye utunzaji. Bukoba ni miongoni mwa miji yetu inayopata mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na pepo za Ziwa Victoria hazikauki. Hali hiyo inayoistawisha migomba ndiyo inayokila chuma. Bastola iliyosahauliwa tangu vuli hadi masika hapa kwetu inaweza kukutwa na kutu ndani ya mtutu hali nje inang'aa.

Kabla ya kuisafisha, ielekeze upande usio na mtu, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Fungua mtungi, toa risasi zote, hesabu matundu kwa macho na kwa kidole, kisha risasi zipelekwe chumba kingine. Usiamini kumbukumbu yako kwamba haina kitu. Safisha mtutu na matundu kwa brashi ya shaba inayolingana nayo, kwa uangalifu usikwaruze mdomo wa mtutu, kisha ukaushe kwa kitambaa safi. Malizia kwa mafuta mepesi ya silaha, tone kwa tone, na ufute yanayozidi. Mafuta ya kupikia na samli huganda na kunasa uchafu. Mafuta ya taa huondoa uchafu lakini hukauka na kukiacha chuma uchi. Mafuta mengi nayo hupenya ndani ya risasi na kuziua. Fanya kazi hii kila baada ya kufyatua, na angalau mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, hata kama haikutumika. Futa pia jasho la mkono, maana lina chumvi.

Ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Ngozi hunywa unyevu na kuukumbatisha chuma, na mfuko wa plastiki hufanya vivyo hivyo. Iweke bastola katika kasha la chuma lililofungwa na kukazwa ukutani au sakafuni, pamoja na vifuko vya chembe za kukausha unyevu, vinavyobadilishwa vinapochoka. Risasi zikae mbali nayo, chini ya ufunguo mwingine. Chini ya godoro, juu ya kabati, darini na ndani ya sanduku la nguo si mahali pa kuhifadhia: ndipo mtoto anapotafuta kwanza, na ndipo mwizi anapoanzia.

Anayeibeba rivolva ya zamani na amuulize fundi kama ina kizuizi cha nyundo. Nyingi za kale hazina, na nyundo yake hulala juu ya risasi. Ikianguka chini inaweza kufyatuka yenyewe. Kwa hizo, tundu lililo chini ya nyundo huachwa tupu. Pia asiweke vidole karibu na mwanya ulio kati ya mtungi na mtutu, kwa kuwa moto hutoka hapo kwa ubavu.

Na rubisi? Sherehe ni sherehe, nasi hatumkatazi mtu furaha yake. Lakini siku ya kunywa, silaha ilale ndani ya kasha. Bastola kiunoni mwa mlevi haimlindi yeye wala wenziwe.

Limebaki kundi la mwisho: wanaoiokota. Mkoa wetu unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na tangu majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwezi Oktoba 1978, silaha zimepita hapa kwa njia nyingi. Anayechimba msingi, anayebomoa nyumba ya zamani au anayesafisha shamba, akikuta bastola au risasi, asizishike, asizitupe ziwani wala chooni, wala asizikalie kimya. Aweke alama, azuie watu, na awajulishe Polisi au kiongozi wa kijiji. Kinachookotwa hakina leseni, na hakuna fedha inayoweza kukinunulia leseni ya jana.

Ndugu wananchi, mwenye silaha halali ana deni moja la mwisho kwa jamaa zake. Mwenzi wako au mtu mmoja unayemwamini ajue leseni yako ilipo na hatua ya kwanza ya kuchukua siku usipokuwapo. Si lazima ajue ufunguo ulipo. Liandike jambo hilo leo pamoja na wosia wako, ili siku ya msiba watoto wako wawe na kazi moja tu, ya kukulilia, na wasianze kujibu maswali kituoni juu ya kitu ambacho hawakukinunua.