Asiyeona Hadai Huruma, Anadai Haki



Toka Shinyanga hadi machimbo ya Geita husemwa kwamba upofu ni laana, na kwamba asiyeona hana kazi ila kuomba. Tuyapime maneno hayo.

Kwanza, laana. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake, Bwana aliwakatalia yote mawili (Yoh 9). Sababu zajulikana: trakoma, surua, upungufu wa vitamini A, mtoto wa jicho. Nyingi zazuilika, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Lakini ramli hutafuta mkosaji. Ndiyo maana huku Usukumani vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wameuawa wakidhaniwa wachawi. Uongo juu ya macho huua.

Pili, uwezo. Shuleni Buhangija, mjini Shinyanga, watoto wasioona wamejifunza kusoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu, aliyoyabuni Louis Braille, kipofu mwenyewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yawatambulia haki ya elimu na ya kazi.

Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiulize: je, kwetu yupo mtoto asiyeona aliyefichwa ndani? Aandikishwe shule. Na mtu mzima tuseme naye mwenyewe, si na anayemwongoza. Wala tusimshike mkono kabla ya kumwuliza. Sarafu mlangoni pa kanisa haitoshi: apewe nafasi katika halmashauri ya walei, asikilizwe.