Uhuru si Ruhusa ya Kujiangamiza



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya ndogondogo na waamini wote wa bonde hili la Yaeda,

Tunapozungumza juu ya haki na amani, kwa kawaida tunataja ardhi, malisho na maji. Leo tutazame jambo lililo karibu zaidi: namna kila mmoja wetu anavyoutumia uhuru wake. Tunapomwonya ndugu juu ya ulevi, hutujibu: “Nimekunywa kwa fedha yangu, mimi ni mtu huru.” Jibu hilo tusilidharau, kwa maana Mungu alimwumba mtu huru. Lakini mikono inapotetemeka alfajiri mpaka ipate pombe, anayeamua ni nani, mtu au chupa?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba heshima ya mwanadamu inadai achague mwenyewe kwa kujua, bila kusukumwa na tamaa ya ndani wala shurutisho la nje. Bonde letu limeyaona yote mawili.

Katika miaka ya 1960 Serikali ilianzisha makazi hapa Yaeda Chini ili Wahadzabe waache kuwinda na kuchimba mizizi, wawe wakulima. Wengi waliugua, na wengi wakarudi porini. Wema wa kulazimishwa haudumu. Ndiyo sababu hatuji kwenu na fimbo.

Utumwa wa pili huingia kimya. Mtu hupanda mbuyu kwa vigingi, huvumilia nyuki, hushuka na asali. Kabla ya jua kutua asali imegeuka pombe, na watoto wamelala njaa. Wala asiseme mtu kwamba hayo ni ya Wahadzabe tu. Mwiraqw mwenye mahindi na Mdatoga aliyeuza ng'ombe mnadani huanguka katika shimo hilo hilo.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hili walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Hati hiyo hulindwa mkutanoni na watu wenye akili timamu. Mlevi huweka dole gumba asipojua, na kesho wajukuu hukosa mahali pa kukaa.

Sheria husaidia: viroba vilipigwa marufuku nchini Machi 2017. Lakini sheria huiondoa chupa mezani tu. Kuurudisha mkono nyuma ni kazi ya mwenye mkono. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Tunajua pia kwamba mama apikaye pombe anatafuta sare na madaftari ya watoto. Kumlaani bila kumsaidia ni unafiki.

Basi tunaomba mambo matatu. Asiwepo Mkristo amlipaye kibarua wake kwa pombe. Kila jumuiya imtafutie mama wa namna hiyo mtaji mdogo wa kazi nyingine. Na mlevi anayetaka kuacha asiachwe peke yake: apelekwe zahanati, maana kuacha ghafla kwaweza kumdhuru, kisha atembelewe nyumbani bila kuchekwa.

Musa aliwawekea Waisraeli uzima na mauti, akawasihi wachague uzima. Hakuwachagulia. Nasi hatuwezi kuwachagulia ninyi; twaweza tu kutembea pamoja nanyi njiani.

Mungu awabariki.