Barua Iliyoandikwa Gizani

Leo tunataka tufikiri pamoja juu ya neno fupi ambalo ni zito sana kulitamka, nalo ni hili: "Kosa ni langu."

Tarehe 15 Aprili, mwaka wa 1910, nyambizi moja ya jeshi la wanamaji la Japani ilikuwa katika mazoezi kwenye Ghuba ya Hiroshima. Nyambizi, kama mjuavyo, ni manowari iendayo chini ya maji. Siku zile vyombo vya namna hiyo vilikuwa vipya, na mabaharia walikuwa bado wanajifunza kuvitumia. Hii iliitwa Nyambizi Namba 6. Ndani yake walikuwamo watu 14, na mkuu wao alikuwa Luteni Sakuma Tsutomu, kijana wa miaka 30.

Siku hiyo walikuwa wakijaribu kwenda chini kidogo ya maji huku injini ya petroli ikifanya kazi, na hewa ikiingia kwa bomba lililotokeza juu. Chombo kikashuka kupita kiasi, maji yakaingia kwa bomba lile. Walipotaka kulifunga, mnyororo wa kufungia ukakatika. Wakafunga kwa mikono, lakini walikuwa wamekwisha kuchelewa. Sehemu ya nyuma ikajaa maji, na nyambizi ikazama mpaka chini. Taa zikazimika. Hewa ikaharibika kwa mvuke wa petroli. Wakapiga pampu kwa mikono yao, lakini chombo hakikuinuka.

Ndipo Luteni Sakuma akatoa kijitabu chake cha mfukoni, akaanza kuandika kwa mwanga hafifu uliopenya kutoka juu. Aliandika huku pumzi zikimwishia, hata saa 6:40 mchana. Hapo barua inakoma.

Nyambizi ilipoinuliwa, watu wote 14 walikutwa wamekufa. Hawakuukimbilia mlango wala kupigania njia ya kutokea. Walikutwa mahali pa kazi zao, au pale palipohitaji kutengenezwa. Barua ile ilisomwa sana katika Japani, na hata ng'ambo.

Je, mtu anayekufa gizani huandika nini? Jambo la kwanza aliloandika Sakuma lilikuwa kuomba radhi. Alisema kwamba ni kwa uzembe wake yeye chombo cha Mfalme kimezama na watu wake wanakufa. Kisha akawasifu watu wake, kwamba walifanya kazi yao kwa utulivu mpaka mwisho. Halafu akaeleza jinsi ajali ilivyotokea, ili wengine wajifunze na kazi ya nyambizi isirudi nyuma. Tena akamwomba Mfalme kwamba jamaa za wale waliokuwa chini yake wasiachwe katika taabu. Hilo tu, alisema, ndilo lililomsumbua moyoni.

Ndugu wasikilizaji, angalieni ule mnyororo. Ulikatika kweli. Sakuma angeweza kuanza na mnyororo, naye asingekuwa mwongo. Angeweza kumlaumu fundi, au baharia aliyechelewa. Lakini alitangulia kusema, "Kosa ni langu," ndipo akautaja mnyororo. Aliutaja ili wengine wapone. Hakuutaja ili yeye aokoke na lawama. Kueleza sababu ni jambo moja, na kutafuta udhuru ni jambo jingine.

Sisi tumezoea kuanza na mnyororo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu Edeni. Adamu alipoulizwa, alimtaja mkewe, na mkewe akamtaja nyoka. Sauli naye aliwataja watu wake. Fedha za harambee zikipungua, mwenyekiti humtazama mweka hazina, na mweka hazina huwatazama wazee. Mtoto akipotoka, baba husema, "Ni mama yenu aliyemdekeza." Kila mmoja wetu anao mnyororo wake uliokatika. Lakini Daudi, nabii Nathani alipomwonyesha dhambi yake, hakumtafuta mtu wa kumtwika. Alikiri. Naye akasamehewa.

Tena, tukumbuke wale waliopigwa na makosa yetu. Sakuma aliwafikiria wajane na watoto wa watu wake. Toba isiyouliza habari za aliyeumizwa bado haijakamilika. Zakayo alipotubu, alirudisha.

Luteni yule alikuwa na muda wa saa mbili tatu tu, na kijitabu kidogo. Sisi leo tunayo hewa safi na mwanga wa kutosha. Tunaweza kwenda kwa miguu hadi kwa jirani, au kuvuka ua tukamwendea mke, mume, mtoto au mfanyakazi wetu. Mbona tungoje giza lituingilie ndipo tuseme ukweli?

Natuombe. Ee Baba, utuhurumie sisi tunaojificha nyuma ya makosa ya wengine. Utupe moyo wa kukiri yaliyo yetu, na mikono ya kuwasaidia wale tuliowaumiza. Twaomba haya katika jina la Yesu. Amina.