Hati ya Polisi na Muhali wa Jirani



Mzazi ampakizapo mwanawe alfajiri kwenye bodaboda, au katika gari lichukualo wanafunzi, huwa amekabidhi amana kwa mtu ambaye, akiwa kijana wa hapahapa kisiwani Mafia, nasaba yake yajulikana hadi kwa babu, lakini akiwa ameshuka chomboni juzi kutoka Nyamisati, bara, hajulikani ila kwa jina alilojitajia mwenyewe. Kwa mtu huyo ndipo ifaapo hati ya polisi: huchukuliwa alama za vidole, zikalinganishwa na zilizohifadhiwa na wapelelezi wa jinai, jawabu likatolewa kwa maandishi. Jina hubadilishwa, kidole je?

Walakini hati haisemi ila lililoandikwa. Mwaka 2002, katika mji mdogo wa Soham, Uingereza, mtunza majengo wa shule aliwaua wasichana wawili wa miaka 10. Na ripoti ya uchunguzi rasmi wa Sir Michael Bichard, iliyotolewa mwaka 2004, ilibainisha kuwa mtu yule alikwisha kutuhumiwa mara kadhaa huko alikotoka, asitiwe hatiani kwa lolote katika hayo, na habari zake zisiwafikie waliomwajiri.

Nasi je, tunaandika mangapi? Fedheha ya mtoto kudhulumiwa ikizuka, wazee huketi barazani, fidia ikatolewa, mtuhumiwa akavushwa bara kwa shangazi yake, jambo likafunikwa kwa muhali wa udugu. Na miaka ikipita, akiomba udereva wa gari la shule, polisi watampa hati safi, wala hawatakuwa wamesema uongo. Nami nimepata kuketi katika baraza kama hilo, nikanyamaza. Naamini adhabu ya ubakaji iliyowekwa na sheria ya mwaka 1998, kifungo kisichopungua miaka 30, ndiyo huwatia jamaa khofu wakakimbilia suluhu. Hali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamlazimu kila mwanajamii mwenye habari za mtoto kudhulumiwa azifikishe kwa serikali ya mahali pake, nayo haikumvua wajibu huo mjomba wala imamu.

Basi mwenye gari, baada ya kuisoma hati, na amwendee pia mtendaji wa kijiji alikokaa kijana aombaye kazi, amwulize kwa nini aliondoka. Na akijibiwa kwa kigugumizi, asimpe funguo.